Siku Niliyomfunga Reksi

Wiki iliyopita binti yangu alirudi sokoni na kamba mpya ya kumbi la nazi, akaifunga uani kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mwarobaini apate pa kuanikia nguo. Alasiri mvua ikanyesha na kamba ikalowa. Kamba ya kumbi ikilowa hutoa uvundo wake, si mbaya sana, kama maji yaliyolala mtungini siku nyingi. Nilikuwa nimekaa kibarazani. Harufu iliponifikia, nikajifunika kanga mpaka kichwani, na binti yangu akadhani nimepandwa na homa. Nikamwambia ni baridi ya mvua tu. Sikuwa nimewahi kumsimulia habari za Reksi, wala sikuwa nimemsimulia mtu yeyote.

Wenzangu mliokulia Temeke wakati wa Mwingereza mnakumbuka ilivyokuwa. Nyumba za udongo na makuti zilitawanyika katikati ya mikorosho, njia zilikuwa za mchanga unaounguza nyayo, na watu wa pande zote walichota maji kwenye kisima kimoja. Sisi tulikuwa watu wa bara, Wakristo, tumejenga kibanda chetu jirani na Bi Tatu, mama mmoja wa Kizaramo aliyekuwa akipika vitumbua vya kuuza. Nyumbani tulikuwa wanne: baba, mama, mimi Rebeka, na mdogo wangu Yona aliyekuwa bado ananyonya. Wa tano alikuwa Reksi, mbwa wetu.

Reksi hakuwa mbwa wa Temeke. Baba alikuwa mpishi huko Uzunguni, na bwana wake aliporudi kwao Ulaya baada ya vita ya Hitla, alimwachia baba barua ya kumsifu na mbwa. Barua haikumpatia kazi nyingine. Baba aliyezoea kuvaa kanzu nyeupe na kupamba keki aliishia Keko, kwenye karakana ya mbao, kuvuta msumeno na mwenzake kutwa nzima. Alirudi nyumbani na unga wa mbao kwenye nyusi. Siku nyingine alirudi moja kwa moja, siku nyingine alipitia kilabuni.

Mbwa huyo alikuwa mkubwa, rangi ya mchanga uliolowa, masikio yamelala. Baba alimsemesha Kizungu. Alimwambia "Siti," naye akakaa. Alimwambia "Kamu," naye akaja. Kwa akili yangu ya miaka minane nikaamini kwamba mbwa wa Wazungu wamesomeshwa, na kwamba Reksi alikuwa anajua kusoma mioyo ya watu kama karani anavyosoma barua. Maana alikuwa anaisoma. Kabla ya adhana ya magharibi, wakati mimi sisikii chochote isipokuwa kunguru, Reksi alikuwa anainua kichwa na kutega masikio upande wa barabara. Kama mkia wake ulianza kupigapiga sakafu, tulijua baba anakuja salama, na pengine ana miwa mkononi. Kama aliinuka polepole, akainamisha kichwa na kuingia uvunguni mwa kitanda, mama alikuwa anaondoa chungu jikoni hata kama ugali haujaiva. Alinifunga Yona mgongoni na kuniambia, "Nenda kwa Bi Tatu. Usirudi mpaka nikuite."

Hakuwahi kukosea, Reksi. Baba mwenyewe hakujua kwamba tunaonywa. Sijui alikuwa anasikia nini katika hatua zile, au upepo ulikuwa unamletea nini. Mimi nilichojua ni kwamba nikiwa kwa Bi Tatu nilisikia vitu vinaanguka nyumbani kwetu, kisha nikasikia kimya, na kimya ndicho nilichokuwa nakiogopa zaidi. Bi Tatu alikuwa ananipa kitumbua nikishike mkononi. Kwake mbwa ni najisi, na Reksi akipita karibu alikuwa anakusanya nguo zake asiguswe. Lakini hata yeye alishajifunza kumtazama. Siku moja nilimsikia akimwambia mama juu ya ua, "Leo mbwa wenu kalala nje, naona utalala na wewe."

Lazima niseme pia kwamba mimi baba hakunipiga hata mara moja. Alikuwa ananikalisha gotini na kunifundisha mafundo ya kamba, yale wanayofungia magogo Keko. Nilimpenda. Nilimpenda asubuhi, nikamchukia jioni, na sikuona ajabu yoyote.

Halafu ikaja Jumapili moja ambayo Reksi aliingia uvunguni mchana kweupe. Kesho yake mama aliamka jicho limefumba na mkono wa kushoto haunyanyuki. Bi Tatu alikuja kumkanda kwa maji ya moto. Walinong'ona muda mrefu, mimi nikiwa nje na Yona, na mama alipotoka alikuwa mtu mwingine.

Alitulia. Hilo ndilo ninaloweza kusema. Kwa siku kadhaa alikuwa anaimba nyimbo za kanisani akifua, akafua hata nguo zilizokuwa safi. Alizipanga sandukuni. Alinipaka mafuta nywele na kunisuka upya wakati misuko ya zamani ilikuwa haijachakaa. Aliponitazama, alinitazama sana. Nilifurahi. Nilijua kwa yakini kwamba mambo yamekuwa mema, na kwamba baba ameahidi jambo.

Ila Reksi ndiye aliyeharibika. Aliacha kutega masikio upande wa barabara. Baba angeweza kuja na hasira zake zote, Reksi hakuinuka, kwa sababu alikuwa amelala juu ya miguu ya mama. Alimfuata chooni, akalia mlangoni mpaka atoke. Alimfuata kisimani, akajipitisha mbele ya miguu yake hata akamwangushia mtungi mara mbili. Akilala, alilala kizingitini, na mama akitaka kutoka ilibidi amruke. Chakula alikuwa anakinusa na kukiacha.

"Mbwa huyu ana nini?" mama alisema siku moja. "Ananilinda kama askari wa jela."

Nikamwona amechuchumaa, ameshika uso wa Reksi kwa mikono miwili, anamwambia neno moja kwa lugha ya kwetu, polepole, mara nyingi: niache, niache, niache. Reksi alimlamba mikono.

Mimi nikaona wivu. Nilidhani mama anampa nyama kwa siri, ndiyo maana ananisahau mimi. Bi Tatu aliponiuliza, "We Rebeka, huyo mbwa wenu anamfuatia nini mama yako?" nikamjibu, "Anataka ukoko."

"Ukoko," akasema Bi Tatu, akageuza uso kwenye moto wake.

Tulikuwa tumezoea kumsoma Reksi kwa ajili ya baba tu. Haikunijia hata kidogo kwamba angeweza kutuonya juu ya mtu mwingine.

Asubuhi yenyewe baba alikwenda Keko kama kawaida. Mama alimnyonyesha Yona muda mrefu, akambadilisha ziwa, akamnyonyesha tena mpaka mtoto akalala. Bi Tatu akaja kumchukua. Alisema anakwenda Mtoni kwa dada yake na mtoto atapata wenzake wa kucheza nao. Alimfunga mgongoni na kwenda zake. Kisha mama akachukua mtungi, akanitolea kamba mpya ya kumbi, mbichi bado, imelowa umande.

"Mwanangu, leo mfunge Reksi. Nimechoka kuvunjiwa mitungi. Mfunge vizuri asinifuate kisimani."

Nilimfunga kwenye mkorosho. Nilitumia lile fundo la magogo alilonifundisha baba, ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyozidi kukaza. Mama akaja akalijaribu kwa mkono wake mzima.

"Umefunga vizuri," akasema.

Akapita kwenye uchochoro ulioelekea kwa Bi Tatu, ndiyo njia ya kisimani. Reksi hakubweka. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mbwa, nyembamba, kama mtoto anayeita akiwa mbali. Nikamwambia "Siti," kwa Kizungu. Hakukaa.

Jua lilikuwa limepanda kidogo pale mwanamke mmoja alipotokea upande wa kwa Bi Tatu. Alivaa buibui, uso umefunikwa wote, na kikapu mkononi. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, wanawake walikuwa wanakuja kwa Bi Tatu kila siku, na njia yao ya kwenda barabarani ilipita mbele ya kibanda chetu. Reksi alikuwa na tabia moja mbaya aliyotoka nayo Uzunguni: mtu wa buibui alimbwekea mpaka apotee machoni. Nilishapata aibu mara nyingi kwa sababu hiyo.

Siku hiyo hakubweka. Alisimama kwa miguu ya nyuma, kamba imemkaba, mkia na kiuno vyote vinatikisika, analia ile sauti nyembamba. Alivuta mpaka ulimi ukatoka. Nikaona sasa ameshikwa na wazimu, kamba ikikatika atamrarua mama wa watu.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Usiogope, nimemfunga."

Mwanamke akasimama. Hakuitikia. Tulikuwa hatua kumi hivi, na yeye amesimama tu, kikapu kimening'inia. Nikadhani amechukia, watu wa dini yake hawapendi mbwa, na mimi mtoto wa Kikristo nimemwekea mnyama njiani. Nikaokota ukuni nikampiga Reksi mgongoni, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, ili yule bibi aone kwamba sisi nasi tuna adabu. Reksi hakunigeukia. Macho yake hayakuondoka kwenye buibui lile.

Mwanamke akainamisha kichwa, akaenda. Alianza kwa kutembea, na alipofika kwenye mikorosho ya mwisho alikuwa karibu anakimbia. Nikapaza sauti, "Samahani, bibi."

Mama hakurudi kutoka kisimani. Saa sita nilikwenda kumtafuta, na wanawake waliokuwa wanachota wakaniambia hawajamwona leo. Bi Tatu alirudi alasiri, peke yake. Nilimuuliza Yona yuko wapi, akasema amelala huko Mtoni. Akaniwekea vitumbua vitatu kwenye sahani, akaketi mbele yangu, wala hakuniangalia nilipokuwa nakula.

Baba alikuja kabla ya adhana. Nikamtazama Reksi kwa mazoea, nijue la kufanya. Alikuwa amelala chini ya mkorosho, shingo imechubuka damu, uso kauelekeza barabarani. Baba alipita karibu naye na yeye hakufanya lolote, hakutikisa mkia wala kujikunyata.

"Mama yako yuko wapi?"

"Kisimani."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Baba aliingia ndani. Nikasikia sanduku linafunguliwa. Sikusikia likifungwa. Alipotoka, alikaa kizingitini na mikono yake imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine. Nilikwenda kumfungua Reksi na fundo likanishinda, limekaza kama jiwe. Baba akaja na kisu akaikata kamba. Reksi alikwenda mbio hadi barabarani, pua chini, na hatukumwona tena mpaka siku ya tatu, aliporudi anachechemea.

Mwaka uliofuata tuliishi watatu, baba, mimi na Reksi, maana Yona naye hakurudishwa. Baba alikunywa sana miezi ya kwanza, halafu akaacha, bila kuahidi kitu wala kuomba msamaha mbele yangu. Nilipika mimi. Jioni alikaa kizingitini, na Reksi alikuja kuweka kidevu juu ya mguu wake, mguu uleule aliokuwa akiukimbia. Baba hakumfukuza. Siku nyingine alimpapasa nyuma ya masikio huku mabega yake yanatikisika, na Reksi hakujitikisa mpaka mabega yatulie. Niliwachukia wote wawili. Niliona mbwa amehamia upande wa aliyeshinda. Mpaka leo sijui mbwa anafikiri nini, ila sidhani kwamba Reksi alikuwa anahukumu. Alinusa mahali penye maumivu akaenda kulala hapo, na zamu ile ilikuwa ya baba.

Kisha kikaja kichaa cha mbwa. Mpiga mbiu alipita akitangaza kwamba kuna watu wameumwa huko Mbagala, kila mwenye mbwa amfunge, na mbwa atakayeonekana amezurura atapigwa risasi. Baba aliniambia akitoka kwenda kazini, "Mfunge Reksi, umesikia? Leo wanapita huku."

Nilikichukua kile kipande cha kamba. Nikamwita, akaja, akanyoosha shingo mwenyewe. Manyoya hayakuwa yameota tena pale kamba ilipomchubua. Nikajaribu, na vidole vikakataa. Nikamwingiza ndani, nikaurudisha mlango, nikaegemeza kinu.

Jioni alisikia hatua za baba kabla yangu, kama siku zote. Alisukuma kinu kikaanguka, akatoka na mkia juu kwenda kumpokea. Nilisikia mlio mmoja tu.

Baba ndiye aliyemleta, amembeba mikononi kama anavyobebwa mtoto aliyesinzia. Alimweka chini ya mkorosho.

"Nilikwambia umfunge."

"Nilishindwa."

"Kumfunga mbwa kunakushinda nini, na mafundo nimekufundisha?"

Hapo ndipo nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile mama ndiye aliyenituma nimfunge, kwamba kamba alinipa yeye, na fundo alilikagua yeye. Baba alikuwa amechukua jembe tayari. Akasimama nalo.

"Kwa nini hukunieleza?"

"Hukuniuliza."

"Na mbwa alikuwa anamfuata?"

"Wiki nzima," nikasema. "Hakuwa anakula."

Baba alichimba mpaka giza likaingia, shimo refu kuliko alilohitaji mbwa. Baada ya Krismasi alinipeleka shule ya bweni kwa masista, mbali, huko bara. Aliniandikia barua mbili. Kifua chake kilikuwa kimejaa unga wa mbao, na alikufa kabla sijamaliza masomo. Nilipata habari baada ya maziko.

Nilikuwa nimeshaolewa na nina watoto wawili Yona aliponitafuta. Alikuwa kijana mrefu, anafanya kazi kwenye reli, na kicheko chake kilikuwa cha baba. Alinichukua kwa treni hadi karibu na Kilosa, kwa mama. Tulikaa siku mbili tukizungumzia mvua na mahindi. Siku ya tatu tulikuwa uani tunapukuchua, mimi na mama peke yetu, akaanza bila kuniangalia.

"Bi Tatu ndiye aliyenipa buibui lake. Yona alinikabidhi stesheni."

Niliendelea kupukuchua. Ilinichukua muda kuelewa alichosema, na nilipoelewa, gunzi liliniponyoka.

"Ulikuwa wewe."

"Uliniamkia. Ukaniambia nisiogope." Mama alifuta mikono kwenye kanga. "Wawili nisingeweza, Rebeka. Yona alikuwa ananyonya, na wewe baba yako alikupenda. Lakini nilipokuona pale nikasimama. Nikasema moyoni, mtoto akinitambua navua buibui hili narudi ndani, na yatakayonipata yanipate. Mbwa alinitambua. Nikangoja na wewe unitambue."

"Nilidhani anataka kukuuma, mama. Nilikuwa nakulinda."

"Najua. Nilikuona unavyompiga, na mbwa mwenyewe mkubwa kukuzidi. Nikasema, huyu mtoto ni mkali, haogopi. Huyu ataweza kuishi na baba yake. Ndipo nikapata miguu ya kwenda."

Kuku walikuwa wanadonoa punje zilizotuangukia. Nilitaka kumwambia mambo mengi, ya Reksi na shingo yake, ya ugali nilioupika nikiwa nimesimama juu ya kigoda, ya barua mbili. Nikasema moja tu.

"Nilikuwa na miaka minane."

"Najua," akasema mama. "Nilikuzaa mimi."